Hatuli nguruwe wala hatunywi pombe: tutakula nini San Sebastián?

*Assalaam aleikum kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester pamoja na mama mkwe, mzaliwa wa Tanga. Septemba tutakaa San Sebastián, Hispania, siku nne. Sisi ni Waislamu: nguruwe hatuli, pombe hatunywi, na nyama ni ya kuchinjwa tu. Shemeji yangu aliyewahi kufika huko anasema mji mzima ni baa, ila tusihofu, tule samaki tu na tutakuwa salama. Mwenzangu kazini yeye anashauri tubebe vyakula vyetu. Mama ana kisukari, anachoma sindano ya insulini kabla ya kula, na chakula chake cha jioni ni saa kumi na mbili na nusu, hakipitishi. Pia anataka zawadi za huko za kuwapa watu, hasa za kula. Tule wapi, tuagizeje, tununue nini? Sitaki kumtia mama matatani kwa starehe zangu.*

Waaleikum salaam dada yangu. Mabegi ya vyakula yaacheni nyumbani. Nimepika katika majiko ya mji huo, na Waislamu waliokuja wakala vizuri walikuwa wale waliojua swali la kumuuliza mhudumu. Waliopata shida ni waliofika na kanuni ya shemeji yako. "Kula samaki tu" ni nusu ya ushauri. Inakulinda na nguruwe unayemwona, lakini haikulindi na divai usiyoiona.

Wabaski, wenyeji wa Donostia (ndivyo wanavyouita mji wao), ni wavuvi tangu zamani, na samaki wao ni wa hali ya juu kweli. Tatizo liko kwenye mchuzi. Ule mchuzi wa kijani wanaomwekea merluza, yule samaki mweupe laini, ni mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, unga kidogo, kotimiri, supu ya mifupa ya samaki, na mara nyingi mmiminiko wa txakoli, divai nyeupe ya pwani hiyo. Ngisi waliopikwa kwa wino wao weusi, mchuzi wake huwa na vitunguu na nyanya, na wapishi wengi hutia divai. Txangurro ni nyama ya kaa iliyochambuliwa ikarudishwa ndani ya gamba, na kwa desturi humwagiwa brandi ikawashwa moto. Supu ya samaki nayo mara nyingi hupita njia hiyohiyo. Hakuna anayekuficha, kwa mpishi wa kule divai ni kiungo kama ndimu ilivyo kwetu, na haimjii akilini kuitaja.

Utasikia watu wakisema pombe huisha yote ikishachemka. Si kweli. Sehemu yake hupotea kwa mvuke, na kiasi kinachobaki kinategemea muda wa kupika na upana wa chombo. Kilichochemka dakika chache bado kina pombe ndani, na hata ule moto wa brandi unaopanda juu ya sufuria huzima mapema kuliko watu wanavyodhani. Hukumu yake kidini muulize sheikh wako, mimi ni mpishi tu. Ila usiamue kwa kudhani imekwisha.

Upande wa nguruwe kuna mtego mwingine. Vipande vidogo vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, hutupwa kwenye njegere, kwenye atichoki, kwenye uyoga, ili kuongeza ladha. Vile vidonge vya kukaanga viitwavyo croquetas, usipoambiwa ni vya nini, chukulia vina jamón. Viko vya bakalao (samaki wa chumvi) pia, lakini uliza kama vinakaangwa kwenye mafuta yaleyale. Kwenye keki na maandazi neno la kuogopa ni *manteca*, ambalo Hispania kwa kawaida lina maana ya mafuta ya nguruwe, wakati siagi ni *mantequilla*. Ukikuta *pimiento choricero* kwenye maelezo ya chakula, usikimbie: hiyo ni pilipili nyekundu tamu iliyokaushwa, jina limetokana na soseji inayotiwa pilipili hiyo. Soseji zenyewe, chorizo na txistorra, ndizo za kuepuka.

Sasa namna ya kuuliza. Usiseme tu hamli nyama. Neno *carne* kwa watu wengi wa Hispania haliingizi jamón, na unaweza kuletewa saladi "isiyo na nyama" imenyunyiziwa vipande vyake. Usiishie kusema ninyi ni Waislamu pia, mhudumu atafikiria nguruwe na kusahau divai. Uliza maswali mawili kamili: *¿Lleva cerdo, jamón o manteca?* na *¿Lleva vino, coñac o algo de alcohol?* Yaandike kwenye simu umwonyeshe. Akisita, mwambie aulize jikoni. Ataenda bila kinyongo, maana kule kuuliza habari za chakula ni heshima kwa mpishi.

Na agizeni vitu ambavyo kwa asili yake havihitaji divai. Cha kwanza ni bakalao al pil-pil. Bakalao ni ng'onda wa huko, samaki wa bahari za kaskazini aliyehifadhiwa kwa chumvi, halafu akalowekwa siku moja na nusu au mbili huku maji yakibadilishwa. Mpishi huchukua chungu kipana cha udongo, hutia mafuta mengi ya zeituni, hukaanga vipande vya kitunguu saumu na pilipili, kisha huviopoa. Mafuta yakipoa kiasi, samaki huingia. Moto ni mdogo mno, mafuta hayachemki, yanatoa vipovu vidogovidogo tu. Baada ya dakika chache utaona matone meupe yakitoka kwenye samaki na kutua chini ya mafuta. Hiyo ni jelatini ya ngozi yake. Hapo mpishi hushika chungu kwa mikono miwili na kukizungusha, kukizungusha, bila kijiko, mpaka mafuta na ile jelatini vishikane viwe mchuzi mzito wa rangi ya pembe za ndovu. Hakuna unga, hakuna krimu, hakuna divai. Mgeni akiuona huapa una maziwa. Kokotxas, zile nyama laini za chini ya koo la merluza, hupikwa kwa njia hiyo pia, lakini ziko za mchuzi wa kijani vilevile, kwa hiyo taja pil-pil.

Cha pili ni samaki mzima wa kuchoma juu ya makaa. Hapo Wabaski hawana mpinzani, hasa wa Getaria, kijiji cha wavuvi magharibi ya mji, ambako majiko ya makaa yamewekwa nje barabarani na samaki bapa aitwaye rodaballo hugeuzwa mbele ya macho yako. Chumvi, mafuta, kitunguu saumu, siki kidogo, basi. Bei yake ni kubwa na hutozwa kwa uzito, kwa hiyo ulizeni kabla samaki hajawekwa motoni. Cha tatu, kwa kuwa mnakwenda Septemba, ni bonito del norte, jodari mwenye nyama nyeupe anayevuliwa Ghuba ya Biscay majira ya kiangazi. Mtamkuta ndani ya marmitako, chakula cha mabaharia: viazi, vitunguu, pilipili choricero, na vipande vya jodari vinavyoingia dakika za mwisho ili visikauke. Viazi havikatwi moja kwa moja, kisu huingia nusu kisha kipande huvunjwa, wanga ukatoka na kuuzitisha mchuzi. Wako wanaotia divai humo, kwa hiyo swali la pili liulizeni hata hapa.

Tuje kwenye hizo baa. Usiogope neno lenyewe. Baa ya pintxo katika mji mkongwe ina watoto, mabibi, na mbwa wa watu. Wengi wanakunywa, lakini hakuna atakayekushangaa ukiagiza maji. Pintxo ni tonge la kula kwa mkono, mara nyingi juu ya kipande cha mkate, limechomwa kijiti. Vilivyopangwa kaunta ni vya baridi, vya moto vimeandikwa ubaoni na hupikwa ukiagiza, na kwa kawaida hivyo ndivyo vizuri zaidi. Mwenyeji hula kimoja au viwili, hulipa, huenda baa ya pili. Kujaza sahani kila kitu kwa mkupuo mmoja ni alama ya mtalii. Anzeni na gilda, kijiti chenye zeituni, pilipili ndefu za kijani za Ibarra zilizosindikwa kwa siki, na antxoa (samaki mdogo kama dagaa) ya chumvi: nguruwe hayumo kabisa. Tortilla ya viazi ni mayai, viazi, pengine vitunguu, lakini ulizeni kama hawakuchanganya jamón au chorizo. Keki ya jibini iliyoungua juu, ambayo baa ya La Viña ya barabara ya 31 de Agosto imeifanya ijulikane dunia nzima, hushikana kwa mayai na haihitaji jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe.

Kwa vinywaji angalieni hivi. *Sidra*, au *sagardo* kwa Kibaski, ni tufaha lililochachuka, ni pombe, usidhani ni juisi. Bia iliyoandikwa *sin alcohol* Hispania inaruhusiwa kuwa na pombe chini ya asilimia moja, isiyo nayo huandikwa 0,0. Kinywaji cha baa kisichochachuka ni *mosto*, maji ya zabibu, hutolewa na barafu na kipande cha chungwa. Ni kitamu sana, na hapo ndipo ninapomgeukia mama.

Mosto ni sukari tupu. Kwa mama si kinywaji cha kuburudikia, ni cha kumwokoa sukari ikishuka. Lakini suala lake kubwa ni saa. Mikahawa kule hupika mchana kuanzia saa saba hadi kama saa tisa na nusu, kisha jiko hufungwa, na chakula cha usiku huanza saa mbili na nusu au tatu. Ukimpeleka mgonjwa wa insulini mkahawani saa kumi na mbili na nusu utamkuta mfagiaji. Hata hivyo Hispania iko saa moja mbele ya Uingereza. Saa kumi na mbili na nusu ya mwili wa mama ni saa moja na nusu ya Donostia, wakati ambao baa za pintxo zimekwisha kufungua na kaunta imejaa. Kwa hiyo fanyeni mchana uwe mlo mkubwa, mkae chini, mle *menú del día*, mlo kamili wa mchana wa bei moja (siku za kazi bei yake ni nafuu, na kama divai imo kwenye bei mnaomba maji badala yake), halafu jioni mama apate pintxo zake mbili tatu mapema, akiwa amekaa. Viti ni vichache, fikeni watu hawajajaa.

Kanuni ya kumshikia ni moja: kama insulini yake ni ile ya kufanya kazi haraka, asichome akiwa foleni wala mhudumu aliposema "inakuja". Kule "inakuja" inaweza kuwa nusu saa. Sahani ikiwa mezani, ndipo. Mkate wa chini ya kila pintxo nao unahesabika, pintxo nne zinaweza kuwa mkate mwingi kuliko anaokula nyumbani, na tortilla ni viazi. Mimi si daktari. Kabla ya safari mpelekeni kwa muuguzi wake wa kisukari mkiwa na ratiba hii mkononi, awaambie ana kwa ana jinsi ya kugawa dozi kwa saa hizo na ni insulini ya aina gani anayotumia, kwa sababu si zote hufanya kazi sawa. Ombeni na barua ya kuonyesha uwanja wa ndege kuhusu sindano. Chukueni kadi ya afya ya GHIC ambayo mkazi wa Uingereza huipata bure. Mkiwa huko, duka la dawa lina msalaba wa kijani, na usiku daima kuna moja la zamu. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, mpeni kitu cha sukari papo hapo. Akishindwa kumeza au akizimia msimlazimishe kitu mdomoni, pigeni 112.

Kama bado hamjalipia malazi, tafuteni nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa familia kama yenu. Asubuhi mnashuka soko la La Bretxa, pembeni ya mji mkongwe, wauza samaki wako chini ya ardhi, au mnakwenda San Martín katikati ya mji. Mwambie muuzaji unataka kupika vipi, atakusafishia na kukukatia. Jumatatu msijisumbue, mashua nyingi hazitoki Jumapili. Mama mwenyewe akiona jodari na ngisi wa pale, sidhani kama mtapata nafasi jikoni. Kuhusu nyama ya kuchinjwa, mjini wanaishi Wamorocco na Wapakistani na bucha halali zipo, nje ya njia za watalii. Mkahawa wenye kibandiko cha halali, muulizeni mwenyewe nyama inatoka wapi kabla ya kukaa.

Zile nyumba za sagardo za Astigarraga mtakazosifiwa, msimu wake ni Januari hadi Aprili, na nguzo ya mlo wao ni pande la nyama ya ng'ombe isiyochinjwa kwa sheria yenu. Zipiteni. Mikahawa mikubwa yenye nyota tatu, Arzak na Akelarre, hupanga mlo upya kwa mgeni asiyekula nguruwe na pombe, ila waambieni siku mnapoweka nafasi, si mkishakaa mezani.

Zawadi. Hapa nina maoni makali. Makopo ya jodari yamejaa madukani, na mgeni hununua lolote lenye picha nzuri. Soma maandishi. *Bonito del norte* ni yule mweupe wa Ghuba ya Biscay, huvuliwa mmojammoja kwa ndoana, ndiye wa kununua. *Atún claro* ni jodari mwingine, mara nyingi wa pezi la manjano, na meli kubwa za Wabaski, hasa za bandari ya Bermeo, zimekuwa zikimvua magharibi ya Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1980, zikimshushia Ushelisheli. Mojawapo, Alakrana, ilitekwa na maharamia wa Kisomali mwaka 2009. Kwa hiyo mama anaweza kulipa euro zake kwa jodari aliyepita karibu na Tanga kabla ya kuingia kopo. Chagueni aliyehifadhiwa kwa mafuta ya zeituni. Ile ya *escabeche* ina siki na pengine divai, someni viungo.

Antxoa ya chumvi ni zawadi nzuri, na wengi huiharibu. Kopo lake halikuchemshwa kama la jodari. Samaki amekaa kwenye chumvi miezi kadhaa, akafutwa ngozi na kutolewa mifupa kwa mkono, akawekwa kwenye mafuta, basi, hivyo linatakiwa kukaa kwenye friji. Mnunue siku ya mwisho. Jibini la Idiazabal, la maziwa ya kondoo aina ya latxa, lionjeni hukohuko: tangu Aprili 2025 Uingereza imepiga marufuku abiria kuingiza nyama na vitu vya maziwa kutoka Umoja wa Ulaya, na forodha watalitupa. Tena ujue hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo, jambo ambalo maulamaa wana kauli tofauti. Maharage meusi ya Tolosa mkahawani hupikwa na nguruwe, lakini makavu kwenye pakiti ni halali yenu, na kwa nazi yanakubali kuliko Wabaski wanavyoweza kuamini. Kabla ya kufunga mabegi, angalieni tena orodha ya serikali ya vinavyoruhusiwa. Chupa na makopo ya mafuta yaende kwenye begi la kukabidhi.

Kwa asiyetaka chakula, kofia ya txapela ya sufu kutoka Ponsol, duka la kofia lililofunguliwa 1838, humfaa mzee yeyote wa Leicester wakati wa baridi. Maduka mengi madogo hufungwa mchana hadi saa kumi na kitu, na Jumapili kutwa. Ninyi si wakazi wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo muombeni muuzaji fomu ya DIVA ya kurudishiwa kodi, mkiwa na pasipoti, na muithibitishe kwenye mashine au kaunta ya forodha kabla ya kukabidhi mabegi. Kama mnaondokea Bilbao, fikeni mapema kwa ajili hiyo.

La mwisho ni tarehe. Jumapili mbili za kwanza za Septemba kuna mashindano ya mashua za makasia kwenye ghuba ya La Concha, yapo tangu 1879, na mji hufurika. Mama atayafurahia kutoka barabara ya ufukweni (mwambieni mapema kwamba kule wanawake wengine huota jua vifua wazi, asishtuke). Nusu ya pili ya mwezi ni tamasha la filamu, na bei za malazi hupaa. Mkiweza, wekeni safari katikati ya hayo mawili, na meza ya mchana ya Jumapili muiweke nafasi sasa hivi.